Mama wa Kambo Katika Sinema: Baba Yuko Wapi?

Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililoingia nyumbani mwangu kwa njia ya sinema.

Mimi ni karani wa serikali hapa Kisumu. Mke wangu wa kwanza alifariki akaniachia binti mmoja, ambaye sasa ana umri wa miaka saba. Mwaka jana nilioa tena. Jumamosi moja nilimwonyesha binti yangu Snow White, sinema iliyotengenezwa na Walt Disney huko Marekani mwaka 1937. Humo malkia, mama wa kambo, anampa binti wa mumewe tofaa lenye sumu. Asubuhi yake mke wangu alimpa mtoto uji. Mtoto akakitazama kikombe, akasema, "Onja wewe kwanza." Mke wangu hakusema neno. Alionja, akamrudishia. Akafanya hivyo kwa siku nne. Nami nilikuwa nimeketi pale pale mezani nikisoma gazeti, nikanyamaza.

Ukimya wangu huo umenisumbua sana. Nilipozitazama tena sinema za namna hii, nikaona kwamba zinamsahau mtu mmoja, naye ni baba. Katika Snow White haonekani kabisa. Katika Cinderella, sinema ya mwaka 1950, anakufa mwanzoni. Katika nyingi za Nigeria nilizoziona, baba yumo, lakini amesafiri, na akirudi huamini kila aambiwalo.

Tena yafaa tujue jinsi hadithi hizi zilivyoandikwa. Jacob na Wilhelm Grimm, ndugu wawili Wajerumani, walipochapisha hadithi ya Snow White mara ya kwanza mwaka 1812, malkia mwovu alikuwa mama mzazi wa mtoto. Katika chapa ya mwaka 1819 wakamfanya mama wa kambo. Basi uovu ule ule ulitolewa kwa mama mzazi, akatwikwa mwanamke aliyeingia nyumbani baadaye.

Sisemi kwamba mama wa kambo wote ni wema. Hata sisi watu wa ziwani twalijua jambo hili. Kwa Kijaluo mtu humwita mke mwenziwe nyieka, na neno hilo lina undugu na nyiego, maana yake wivu. Wazee wetu hawakungoja wivu uishe wenyewe. Katika boma kila mke alikuwa na nyumba yake na cheo chake, mikayi, nyachira na reru, na magomvi yao yalimfikia mwenye boma ayaamue. Utaratibu ule ulikuwa na taabu zake, lakini baba hakuweza kujificha. Siku hizi sisi wa mjini twaleta mke mpya katika vyumba viwili, watoto wote chini ya bati moja, kisha twadhani harusi imemaliza kazi.

Na mfano mwema hatuna haja ya kuutafuta mbali. Sarah Onyango Obama wa Kogelo, katika Siaya, alikuwa mke wa tatu wa Hussein Onyango. Hakumzaa Barack Obama, yule aliyekuja kuwa baba yake Rais wa 44 wa Marekani. Akumu, mama mzazi wa mtoto huyo, aliondoka, na Sarah ndiye aliyemlea. Alipofariki hapa Kisumu tarehe 29 Machi 2021, akiwa na umri wa miaka 99, magazeti yalisimulia jinsi alivyokuwa akimpakia mtoto yule nyuma ya baiskeli ili kumpeleka shuleni Ng'iya. Rais mwenyewe alimwita nyanya, ingawa hawakuwa wa damu moja. Mimi sijaona bado sinema yenye mama wa kambo wa baiskeli.

Siku ya tano niliweka gazeti chini, nikakishika kile kikombe, nikanywa mimi kwanza. Nikamwambia binti yangu kwamba mwanamke huyu nilimleta mimi, na akiwa na hofu yo yote juu yake, aniulize mimi. Hakujibu, lakini alikunywa uji. Bado hajamwita mama, wala simlazimishi. Mke wangu nilimwomba radhi, kwa maana alionja peke yake siku nne kwa ajili ya kosa langu.

Basi, ndugu zangu, siwashauri muwakataze watoto sinema. Keteni mtazame pamoja nao, na ikiisha waulizeni, "Na baba alikuwa wapi?" Kisha kila mmoja wetu ajiulize swali hilo hilo nyumbani kwake. Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wala hawakusema kwamba kazi hiyo ni ya wanawake peke yao.