Baruti katika Bahari ya Misali

Magharibi ya Pemba pana kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Wazee wa huko husimulia kwamba Nabii Khidhri, ambaye wao humwita Hadhara, alifika hapo zamani, na ulipoingia wakati wa Sala akawaomba wavuvi mkeka. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe kimeelekea Kibla, basi kitakuwa mfano wa msala wake. Na jina likatokana na neno hilo. Sisi hatuna sanadi ya kisa hiki wala hatukileti kama hoja ya dini. Twakitaja kwa kuwa watu waliokipokea kwa baba zao walikiona kisiwa kile kuwa ni mahali pa heshima, na juu ya hayo wakatokea wavuvi wakayatia baruti maji yake.

Mtu asiyekwenda baharini hudhani tumbawe ni jiwe. Kumbe ni nyumba iliyojengwa na vidudu vidogo vyenye uhai, kwa chokaa wanayoitoa katika maji. Yale makubwa ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Basi tumbawe lenye kimo cha mtu huenda lilianza kabla ya kuzaliwa babu wa babu yetu. Tambi huwashwa, chupa hutupwa, na kazi ya miaka mia na zaidi ikawa kifusi kwa nukta moja. Wala kifusi hicho hakitulii. Mawimbi hukisukuma huku na huku, hata matumbawe machanga yasipate mahali pa kushika. Samaki nao hupasuka vibofu vya hewa, na wengi huzama wasiokotwe na mtu. Changu, chewa, wakubwa na wachanga, wote hufa pamoja ili mtu mmoja ajaze tenga lake.

Mwaka 1998 Misali na maji yake yalifanywa eneo la hifadhi, na sehemu ya mwamba ikafungwa isivuliwe kabisa. Lakini baharini usiku askari hayupo. Ndipo likaja jambo lililotupendeza sana. Jumuiya ya Kiislamu ya mazingira iliyoasisiwa Uingereza na Fazlun Khalid ilishirikiana na shirika la CARE, wakakaa na wavuvi na maimamu wa Pemba, wakaitazama bahari kwa mafunzo ya Qur'ani: Tauhidi, maumbile, mizani, na ukhalifa wa binadamu katika ardhi. Wavuvi walikiri kwamba kuidharau amri ya serikali ni wepesi, ama amri ya Mola hapana wa kuikimbia.

Mafunzo hayo hayakuwa mageni. Mtume (S.A.W.) aliiharimisha Madina, miti yake isikatwe wala mawindo yake yasifukuzwe, na akaiweka Naqii kuwa himaa ya malisho ya farasi wa Waislamu. Kijana anayedhani kwamba hifadhi ni fikra ya Kizungu, na asome tena sira ya Mtume wake.

Hatusemi kwamba mawaidha yalimaliza kila kitu. Mtoto mwenye njaa hashibi kwa hotuba, na anayemwambia mvuvi aache utupa au juya la macho madogo yampasa amuulize kesho atavua kwa nini. Wala si kila msiba wa mwamba umetoka kwa mvuvi. Mwaka ule ule wa 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe, na mengi yakafa. Mwaka 2016 joto likarudi. Mvuvi wa ngalawa si yeye aliyejaza hewa ya dunia moshi wa viwanda. Lakini baruti twailipua wenyewe, na mwamba uliokwisha vunjwa hupona kwa shida sana joto linapoupitia.

Tena neno hili lafika mpaka jikoni. Samaki wa baruti hujulikana: nyama yake ni tepetepe, huharibika upesi, na akipasuliwa mara nyingi huonekana damu imevilia tumboni na uti wa mgongo umevunjika. Je, ni halali kuliwa? Sisi si mamufti, na hukumu ya nyama yake twawaachia masheikh. Letu ni suala jingine: ni nani aliyemlipa mwenye baruti hata akarudi tena baharini wiki ya pili? Baba akiwa mnadani na amuulize muuzaji samaki huyu kavuliwaje, na kama jawabu ni la kubabaika, amwache pale pale mezani.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutazungumza habari ya mikoko.