Adabu ya Kuazima Mhusika

Mwaka 1903, alipomrejesha duniani Sherlock Holmes ambaye miaka kumi kabla alikwisha kumzamisha katika maporomoko ya Reichenbach huko Uswisi, Arthur Conan Doyle aliieleza miaka mitatu ya ghaibu ya mpelelezi huyo kwa sentensi chache alizomtia kinywani mwenyewe: kwamba alisafiri Tibet, akapita Uajemi, akachungulia Makka, kisha akamzuru Khalifa mjini Khartoum, na baada ya hapo mazungumzo yakageukia mambo mengine, kana kwamba kuingia Makka kwa Mwingereza asiye Mwislamu ni jambo la kwenda sokoni na kurudi. Msomaji wa Kizungu huenda akaipita sentensi ile bila ya kusita. Msomaji wa pwani yetu, ambaye wazee wake walikwenda Hija kwa vyombo vya baharini na wakarejea na masimulizi ya kujaza mikesha, hawezi ila kuuliza: je, aliingia kwa jina lile lile la Sigerson, msafiri wa Norway, alilojipa alipokuwa Tibet? Nani alimpokea, na nani alimfundisha kuvaa ihramu? Na Khalifa Abdullahi, aliyeitawala Sudan baada ya Mahdi, alikuwa na haja gani na mgeni wa namna hiyo? Mtungaji hakujibu, na mwaka 1930 akafariki dunia bila ya kujibu.

Katika mapengo ya namna hii ndimo zinamozaliwa hadithi za mashabiki, yaani zile zinazotungwa na wapenzi wa kitabu au filamu, wakawachukua wahusika wa mtu mwingine na kuwaendesha katika mambo ambayo mwenyewe hakuyaandika, pasina ijara wala kutaraji ijara. Zamani zilipigwa taipu na kugawanywa katika vijarida vidogo, kama Spockanalia ya mwaka 1967, waliyoitoa Wamarekani wapenzi wa Star Trek, ule mchezo wa televisheni wa safari za anga. Siku hizi zimo katika intaneti, na hazina yao mashuhuri, Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2009, ilitunukiwa tuzo ya Hugo mwaka 2019. Mimi ni msomaji wao wa siku nyingi, na kama msomaji yeyote, yako ninayoyapenda na yako yanayonifanya nifunge ukurasa.

Wako watu wa makamo yangu wanaozidharau hadithi hizi kwa hoja ya kuwa mwenye kipaji hujitungia watu wake mwenyewe. Hoja hii ingalikuwa na nguvu lau sisi tusingalikuwa na takhmisi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule yule anayejulikana kwa Al-Inkishafi, aliyachukua mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, akakitangulizia kila kifungu cha mishororo miwili mishororo mitatu ya kwake, ikawa mitano. Na sharti aliloshikamana nalo ni kwamba mitatu ile ifuate kina cha mshororo wa kwanza wa Liyongo, na ielekee kule anakokwenda Liyongo, hata zamu ya Liyongo ifikapo msikilizaji aone kuwa maneno yale hayakuwa na budi kusemwa. Hapana aliyemwita Sayyid Abdalla mwizi, wala mtu asiye na lake la kusema. Alichokikuta hakukivunja, alichokiongeza ni chake, na aliyekariri vifungu vile vitano vitano aghalabu hakumbuki mpaka uko wapi. Hicho ndicho kipimo changu kwa hadithi yoyote ya mashabiki, na sijaona bado kilicho bora kuliko hicho: je, mtungaji ameongeza mishororo yake mitatu kwa namna ya kuifanya miwili ya mwenziwe isikike zaidi?

Napenda, basi, mtungaji aliyemsikiliza mhusika kabla ya kumsemesha. Katika hadithi ile ile ya mwaka 1903 Daktari Watson, rafiki wa Holmes na msimulizi wake, amepatwa na msiba, ambao wasomaji wameufahamu kuwa ni wa kufiwa na mkewe, Mary Morstan. Na msiba wenyewe umetajwa kwa maneno mawili matatu, kisha marafiki wawili wakatoka usiku kwenda kumvizia mwuaji. Mwandishi wa magazeti mwenye hadithi ya kumaliza hakuwa na nafasi ya kukaa matangani. Shabiki anayo. Akiketi na yule daktari katika nyumba iliyonyamaa, akamwacha ajaribu kuandika habari za mkewe na ashindwe, ilhali habari za maiti za watu baki huziandika bila ya taabu, basi atakuwa amenipa kitu ambacho Conan Doyle hakunipa, na bado atakuwa ni Watson yule yule, mpole, mwenye haya, asiyejua kujililia. Kadhalika nawapenda wale wanaowainua watu wa pembeni: Bibi Hudson mwenye nyumba, aliyestahimili risasi ukutani na harufu za madawa sebuleni, bila shaka alikuwa na rai yake juu ya mpangaji huyo.

Kazi ya namna hii ikifanywa na mkono wa bingwa hupandishwa daraja na kuitwa fasihi. Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, alimchukua yule mke mwendawazimu aliyefungiwa darini katika Jane Eyre, kitabu cha Charlotte Brontë cha mwaka 1847, akamrudisha Karibi alikotoka, akampa utoto, mama, na jina la Antoinette, na mwaka 1966 akatoa Wide Sargasso Sea. Yeye hakuwa mwanagenzi, na kitabu chake kiliuzwa madukani; lakini nashindwa kuona tofauti ya asili baina ya ghera yake na ghera ya msichana anayeandika usiku baada ya kufunga vitabu vya shule. Tofauti ni ya ustadi, na ustadi huja na miaka.

Nisichokipenda kina jina lake tangu mwaka 1973, Paula Smith alipoandika kichekesho kifupi cha kuwakejeli watungaji wenziwe wa Star Trek, akamzua Luteni Mary Sue, binti wa miaka kumi na mitano na nusu, aliye mdogo kuliko maofisa wote na hodari kuwashinda wote, anayependwa na kila amwonaye, na ambaye kifo chake huwaliza mabaharia wa anga merikebu nzima. Tangu hapo kila mhusika mpya aliyekamilika mno huitwa jina hilo. Kosa lake, kwa kipimo changu, ni kwamba mishororo mitatu imeimeza miwili: Kirk na Spock, mashujaa wenyewe wa Star Trek, hawana kazi tena ila kumsifu mgeni. Walakini insafu yanitaka niseme kuwa ila hii si ya wasichana peke yao, ingawa wao ndio wanaochekwa. Yule James Bond wa Ian Fleming, ambaye hakuna bunduki asiyoiweza wala mwanamke anayemkataa kwa muda mrefu, angalizuliwa na binti wa miaka kumi na mitano, angalichekwa mpaka leo.

Makosa ya hijai nayasamehe, maana hayo hutengenezwa na yule msomaji wa kwanza ambaye wenyewe humwita beta, na asiyekuwa na beta asilaumiwe sana. Nisilolisamehe ni kumfanya Holmes azungumze kama kijana wa Los Angeles wa mwaka huu. Wala siwezi kustahimili utangulizi unaoniomba radhi kuwa hadithi ni mbaya kabla sijaisoma, au tishio mwishoni kuwa sura ya pili haitatoka mpaka sifa zitimie idadi fulani.

Lakini linalonichukiza kupita yote ni hadithi iliyoandikwa kwa inda. Mfano wake mkubwa ni wa kale. Mwaka 1605 Miguel de Cervantes alitoa sehemu ya kwanza ya Don Quixote, akaahidi mengine, akakawia. Na mwaka 1614 mtu aliyejificha nyuma ya jina la Alonso Fernández de Avellaneda akamtangulia kwa kutoa sehemu ya pili ya kwake, na katika dibaji akamsimanga Cervantes kwa uzee wake na kwa mkono wake uliolemaa, mkono ulioumia katika vita vya Lepanto vya mwaka 1571. Avellaneda aliitamani ijara ya mwenziwe na kuisema waziwazi, jambo ambalo mashabiki wa leo, alhamdulillahi, hawana. Cervantes alijibu mwaka 1615, na majibu yake yanastahili kusomwa na kila mtungaji aliyeudhiwa: Don Quixote wa kweli anasikia habari za kitabu cha uongo, anaghairi safari ya Zaragoza kwa kuwa yule wa uongo alikwenda huko, na anakutana na mtu aliyetoka ndani ya kitabu cha Avellaneda, akamwapisha mbele ya hakimu kwamba huyu hapa ndiye na yule siye. Kisha Cervantes akamfisha shujaa wake kitandani, kwa wasia na mashahidi, ili asiazimwe tena na mtu. Conan Doyle alikuwa na kifua kipana zaidi. Mwigizaji William Gillette alipomwuliza, wakati wa kuitengeneza tamthilia yao ya mwaka 1899, kama anaweza kumwoza Holmes, alijibiwa kuwa amwoze, amwue, amfanye apendavyo.

Husemwa kuwa msomaji asiyetoa hata senti hana haki ya kulalamika. Nusu ya maneno haya nayakubali: hana haki ya kumwendea mtungaji kwa matusi, wala kumhimiza kama amdaiye deni, na hadithi zilizokatika katikati, ambazo ni nyingi mno, wenyewe huenda wameoa, wameugua, wamepata kazi ya usiku, au wamechoka tu, na hayo ni yao. Ama kuwa na rai juu ya nilichokisoma, hilo halihitaji stakabadhi.

Ninachokitamani sasa ni kuona ghera hii ikiwashukia wapenzi wa riwaya zetu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hapana msomaji wa hadithi za upelelezi asiyeiona nasaba baina ya kiko cha mpelelezi wake, Bwana Msa, na kile cha Holmes wa Baker Street, na baina ya Najum, msaidizi wa Bwana Msa, na Watson. Lakini Bwana Msa akawa Mzanzibari wa kweli, mwenye mafumbo na lafudhi ya kwao, nayo ni sifa ya mkopaji mwenye adabu. Haki za warithi zingaliko, kwa hiyo na wafanye kwa ajili ya kusomana, si kwa soko. Mimi ningeanza na hadithi ya kumkutanisha Bwana Msa na Willy Gamba, yule jasusi wa Elvis Musiba aliyetokea katika Kufa na Kupona mwaka 1974, ambaye kesi zake aghalabu huishia katika mlio wa risasi. Atakayeiandika na amwachie mmoja kiko chake na mwingine bastola yake, asiwabadilishie. Na nani baina yao ataijua siri kwanza, hilo namwachia yeye, ingawa dau langu nimekwisha kuliweka kwa mzee.