Shule Ndogo Nayo Ipewe Haki Yake

Kurasa hizi huwa zinajaa insha za ukataji miti na dawa za kulevya, nazo ni nzuri. Mimi leo nataka tuzungumze juu ya pesa. Najua wapo watakaocheka, ati mtoto wa kidato cha tatu ana habari gani na bajeti ya serikali? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki sisi ndio tunakilalia.

Nianze na shukrani, kwa maana Mgala muue na haki yake umpe. Mwaka wa 2008 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilianzisha elimu ya bure katika sekondari za kutwa, miaka mitano baada ya ile ya msingi. Kila mwanafunzi aliwekewa shilingi 10,265 kwa mwaka. Kufikia 2018 kiasi hicho kilikuwa kimepanda hadi shilingi 22,244. Bila mpango huo, wengi wetu tungekuwa shambani tukipalilia mahindi ya watu. Hapo sina ubishi.

Ugomvi wangu ni jinsi pesa hizo zinavyogawanywa: kwa kuhesabu vichwa tu. Shule ya wanafunzi 1,000, ikipewa zote, inapata shilingi 22,244,000. Shule kama yetu, ya wanafunzi 150 hivi, inapata 3,336,600. Ukitazama haraka haraka utasema hiyo ni haki, kila mtoto kapata sawa na mwenzake. Lakini hebu sasa tuhesabu matumizi. Shule kubwa ina soja wa usiku. Yetu pia lazima iwe na soja, na hakuna soja wa kulinda robo ya lango. Karani wa kuandika risiti ni lazima. Maabara ni lazima. Mwalimu wa Kemia akifundisha watu 25 au 50, mshahara wake ni ule ule, na kama TSC haijaleta mwalimu, bodi ya shule ndiyo humtafuta na kumlipa. Inamlipa na nini? Na pesa hizo hizo za vichwa, pamoja na kidogo ambacho wazazi wanachangishwa.

Mwaka wa 2025 mambo haya yalionekana peupe. Sisi tulioingia kidato cha kwanza 2024 ndio wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4, kwa kuwa KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Basi 2025 nchi nzima haikuwa na kidato cha kwanza. Kila sekondari ilikosa darasa zima, na pesa za darasa hilo zikakosekana pia. Soja hakupunguzwa robo. Bili ya stima haikupunguzwa robo.

Halafu Julai mwaka huo huo Waziri wa Fedha, John Mbadi, akawaambia wabunge kwamba serikali haimudu shilingi 22,244, na kwamba kinachopatikana ni kama 16,900 kwa kila mwanafunzi. Kelele zilipigwa na wakubwa wakatuhakikishia kwamba elimu ya bure haiondolewi. Lakini chukua kalamu. Tofauti ni shilingi 5,344. Zidisha kwa watu 150, unapata pengo la 801,600. Shule kubwa hupungukiwa kwa mamilioni, sikatai, ila ina mahali pa kukaza mshipi. Wetu umefika tundu la mwisho.

Kwetu aliyeondoka ni mwalimu wa Kemia. Alikuwa wa bodi, akakaa miezi mitatu bila mshahara, akaaga. Hatukumlaumu, naye ana watoto. Kwa wiki tano tulinakili noti kutoka daftari la ndugu zetu wa kidato cha nne, makosa yao na yote. Alipopatikana mwingine, tukafanya zoezi la kupima asidi. Tuko 42, bureti ni tatu. Mmoja anashika, kumi na watatu wanachungulia. Muhula mzima mimi niligusa bureti mara moja, na mkono ulitetemeka. Sasa karatasi ya tatu ya Kemia katika KCSE ni ya vitendo, na ni moja kwa nchi nzima. Msahihishaji haulizi shule yako ilikuwa na vichwa vingapi.

Mwenzangu mmoja wa mijadala aliniambia, basi shule ndogo zifungwe ziunganishwe. Kweli zipo sehemu ambapo shule mbili zinatazamana ng'ambo ya barabara kwa sababu wanasiasa walivutana. Hizo ziunganishwe, sitalia. Lakini shule ya kutwa haina bweni. Maana yake nzima ni kuwa karibu na nyumbani. Tukiunganishwa na ile iliyo ng'ambo ya mto, wasichana wa upande wetu watatoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Hiyo elimu ya bure italipiwa na nani?

Isitoshe, kuhesabu vichwa kunaleta kishawishi. Pesa zikifuata majina, majina huongezeka. Ndiyo sababu Wizara ya Elimu ilibidi ifanye ukaguzi 2025 kuwasaka wanafunzi hewa. Sitetei udanganyifu, anayeiba ni mwizi. Nasema tu kwamba mlango uliachwa wazi.

Ninachoomba ni hiki: kila shule ya umma ipewe kwanza fungu la msingi, la kutosha soja, karani, stima na maabara, halafu zinazobaki ndizo zigawanywe kwa vichwa. Si jambo geni. Katika kugawia kaunti 47 pesa, kumekuwa na fungu la kugawanywa sawa kwa zote, na mafungu mengine yanayotazama idadi ya watu, umaskini na mambo mengine. Lamu haiambiwi ikae bila gavana kwa kuwa watu wake ni wachache.

Na tusingoje kusikia bajeti redioni mwezi wa Juni, wakati huo chungu kimeshaepuliwa. Ibara ya 221 ya Katiba inataka makadirio yapelekwe bungeni miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, na kamati ya bunge itafute maoni ya wananchi. Haijasema mwananchi awe na miaka mingapi. Kwa hiyo nimeandika barua ya kurasa mbili kwa kamati hiyo, kwa Kiswahili. Mlezi wa chama ameshaisahihisha mara mbili. Anayetaka kutia sahihi amwone kabla ya muhula kufungwa, na wazazi pia wanakaribishwa.