Tia ndengu zako ndani ya pestri, sherehe itanoga

HEBU nikuulize, msomaji wangu wa Wote, Mwingi, Kitui mjini au Emali. Mara ya mwisho ulipoenda sherehe, iwe ntheo, gradi au besidei ya beste yako, kabla ya mbuzi kuiva ulipewa nini? Soseji iliyokatwa vipande vitatu na kuchomekwa kijiti. Mandazi. Labda sambusa iliyotoka Nairobi kwa matatu, imefika ikiwa imelegea. Na ndengu zako, zile ambazo mama na nyanya yako wamezipura jua kali likiwaka, zilikuwa wapi? Zilikuwa kwenye gunia, zikingoja dalali.

Hoja yangu leo ni fupi. Kijana wa Kitui na Makueni anayetaka kuuza vitafunio vya sherehe hana haja ya kuiga menyu ya Nairobi. Achukue ndengu, azitie ladha ya Kijapani, azifunge katika pestri ya tabaka, halafu aweke bei bila aibu.

Najua umeshacheka. “Ndengu kwenye harusi? Si hiyo ni chakula ya boarding!” Hapo ndipo penye shida yenyewe. Tumekula ndengu za maji maji shuleni miaka minne tukaapa kutozitazama tena. Lakini kosa halikuwa la ndengu, lilikuwa la sufuria ya watu mia tano. Nyama ingepikwa vile, hata nyama ungeichukia.

Sasa Ujapani inaingia wapi? Wengi wakisikia chakula cha Kijapani wanafikiria samaki mbichi na vijiti. Mimi nataka ufikirie mkate. Mwaka 1874, mwokaji mmoja wa Tokyo aitwaye Kimura Yasubei, aliyekuwa samurai kabla ya mabadiliko ya utawala kuizima kazi hiyo, alikuwa na tatizo: Wajapani hawakuupenda mkate wa Wazungu. Hakuwalazimisha. Aliumua unga kwa chachu ya pombe ya mchele waliyoizoea, kisha akatia ndani maharagwe madogo mekundu, azuki, yaliyopondwa na kutiwa sukari. Akauita anpan. Mwaka uliofuata mkate huo ulipelekwa kwa Mfalme Meiji, na duka la Kimura lipo Ginza hadi leo.

Umeona alichofanya? Alichukua mkate wa mgeni akaujaza maharagwe ya kwao. Na azuki si mgeni wetu sana, ni jamaa wa karibu wa ndengu na kunde. Kwa hivyo ukitia ndengu za Zombe ndani ya pestri, umemuiga Mjapani kuliko yule anayemwaga sosi ya soya juu ya kila kitu na kuandika “Japanese” kwenye bango.

Isitoshe, Wajapani wanazijua ndengu hizi hizi. Huziotesha gizani kwa siku chache zikatoa vimea vyeupe, wanaviita moyashi, na ni kati ya mboga za bei nafuu kabisa madukani mwao. Punje zenyewe huziagiza nje, nyingi kutoka China. Sisi tunazo shambani, halafu tunazionea haya.

Haya, tuingie jikoni. Ujazo kwanza. Loweka vikombe viwili vidogo vya ndengu usiku kucha, kama gramu 300. Zichemshe ziive lakini zisirojeke, umwage maji yote. Kaanga kitunguu, saumu na tangawizi nyingi, tia ndengu, kisha vijiko viwili vya sosi ya soya na pilipili kidogo. Usiongeze chumvi kabla ya kuonja kwa sababu sosi hiyo ina chumvi ya kutosha. Ponda nusu, nusu iache nzima. Pika mpaka ikauke, halafu uiache ipoe kabisa. Ujazo wa moto huyeyusha siagi na ujazo wa maji hulowesha pestri, na hapo ndipo vijana wengi hukosea kisha wakasema pestri ni ngumu.

Pestri ya tabaka ni unga, maji baridi, chumvi na siagi, basi. Haina hamira. Kinachoiinua ni mvuke: maji yaliyo katika unga na siagi yakipata moto mkali hugeuka mvuke, nayo siagi huzuia tabaka zisishikane. Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, gramu 350 za siagi iliyoganda ukaikata vipande kama sukari ya mchemraba, kijiko kidogo cha chumvi, na maji ya friji kama robo lita. Changanya bila kukanda sana, vipande vya siagi vionekane. Sukuma iwe mstatili, kunja mara tatu kama barua, weka kwenye friji nusu saa. Rudia hadi ufikishe mikunjo minne. Piga hesabu: tatu mara tatu mara tatu mara tatu, hizo ni tabaka 81. Mabingwa wa hoteli hufika mikunjo sita, tabaka 729, lakini wewe huhitaji kwenda huko ili mgeni aseme “wueh”.

Sukuma iwe nyembamba kama milimita tatu, kata miraba ya sentimita saba, tia kijiko kidogo cha ujazo, kunja pembe tatu, bana ukingo kwa uma. Paka yai, nyunyiza ufuta. Oka kwa nyuzi 200, dakika 20 hadi 25, na usifungue oveni mapema, tabaka zitalala. Utapata kama vipande 60. Pembeni weka achari ya embe bichi, maana ndengu na siagi zinataka kitu kikali cha kuziamsha. Na embe ni la kuomba kwa nani, kama si Makueni?

Sitakudanganya kwamba kazi hii ni rahisi kwetu. Siagi na jua la Kibwezi hawapatani. Ukisukuma pestri saa nane mchana Makindu utapata uji. Amka saa kumi na moja alfajiri, fanya kazi na jua halijachomoza, gandisha vipande vikiwa vibichi, uoke siku ya sherehe. Wale wa milima ya Mbooni na Kilungu, ninyi baridi mmepewa bure. Na oveni? Ni ghali kwa mtu mmoja, lakini watu watano wakichanga kama chama si mlima. Usisahau kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula. Bila hivyo, wateja wakubwa hawatakugusa.

Kuna watakaosema, na wana haki, kwamba kijana wa mashambani anahitaji maji na bei nzuri ya mazao kabla ya pestri. Kweli. Lakini bei nzuri hutoka wapi? Wakati wa Gavana Charity Ngilu, Kitui ilihimizwa kulima ndengu kwa wingi. Makueni nayo ikajenga kiwanda cha matunda Kalamba ili embe lisiuzwe likiwa bichi tu. Somo ni lilelile: anayeuza punje hupangiwa bei, anayeuza kilichopikwa huipanga. Kilo moja ya ndengu inajaza vipande karibu 200. Jumlisha siagi, unga, mayai na makaa au stima, kisha linganisha na kile dalali anacholipa kwa kilo hiyo hiyo. Fanya hesabu mwenyewe, usiniamini mimi.

Na serikali za kaunti zisikae tu kutazama. Kila wiki kuna warsha Kitui na Wote, na kila warsha ina chai ya saa nne. Nani huuza vitafunio hivyo? Vimetengenezwa kwa zao la nani? Vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kufundisha kuoka, lakini mwanafunzi akihitimu anataka mteja wa kwanza, si hotuba.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nakwambia msala wa mgeni si mbaya, ili mradi uutandike juu ya mbachao. Pestri ni ya wenyewe, sosi ni ya wenyewe, lakini kilicho katikati ni chako. Msimu wa sherehe za Desemba hauko mbali. Jaribu vipande kumi kwanza, mpe shangazi yako mkali wa maneno. Akinyamaza akachukua cha pili, una biashara.