Dirisha lenye kujifungua lenyewe: sisi wa Koni tutapata nini?

Ndugu wa kambi, kituo cha umeme cha Koni, juu ya Lufira, Union Minière ilikijenga kwa ajili ya migodi na viwanda vyake. Kilianza kazi 1950, nguvu yake megawati 42. Mpaka leo nyaya zinapita juu ya nyumba za watu wenye kulala gizani. Njo maana habari ya madirisha ya biro inatuhusu.

Biro nyingi za migodi siku hizi ni vioo vitupu, madirisha hayafunguki, klimatizeri inalia asubuhi mpaka jioni. Hata mwezi wa sita, wakati sisi tunavaa koti! Wengine walishaona njia nyingine. Kule Gigiri, Nairobi, Umoja wa Mataifa ulifungua jengo 2011 lenye biro zisizo na klimatizeri. Hewa inaingia kwa madirisha, ile ya moto inapanda katikati na kutoka juu. Nairobi iko mlimani kama huku kwetu, na usiku kuna baridi.

Kuna pia madirisha yenye mota. Kifaa kinapima joto na hewa tunayotoa kwa kupumua. Ikizidi, dirisha linafunguka. Mvua ikianza, linajifunga. Usiku linaingiza baridi, kuta zinapoa, kesho hakuna haja ya klimatizeri mapema. Mota inafanya kazi dakika kidogo tu, haili umeme sana.

Lakini tusidanganyike. Umeme ukikatika dirisha likiwa wazi, na mvua ya mwezi wa kwanza inakuja? Lazima liwe na mkono wa kulifunga. Tena karibu na kiwanda, kifaa chenye kupima joto tu hakijui moshi wa asidi. Kitafungua, na makarani watakohoa.

Wajumbe wetu wapeleke neno hili kwa komite ya usalama na usafi wa kazi mbele biro mpya hazijajengwa. Na waulize: umeme utakaobaki utaenda wapi? Kama haukuandikwa kwa mapatano kwamba sehemu inakuja kambini, utaingia kwa mashine ingine, sisi tutabaki na mishumaa.

Nyumbani mwetu nako, yale matundu ya hewa chini ya paa, tuliyaziba kwa simenti sababu ya mbu na wezi. Tuyafungue, tuweke wavu na vyuma. Hiyo haingoji mukubwa yeyote.