Kadi ya Bima Haimfikishi Mwenye Ulemavu Hospitalini

Tangu Oktoba 2024, SHA iliposhika nafasi ya NHIF, mazungumzo ya afya hapa Pwani yamekuwa ya malipo: nani amejisajili, nani amelipa, hospitali gani inapokea na ipi inakataa. Ni mazungumzo ya lazima. Lakini kwa wenzetu wenye ulemavu, naona tumeanzia katikati ya safari. Kabla ya kuuliza bima italipa nini, tuulize mgonjwa amefikaje.

Chukua mtu asiyeweza kutembea anayeishi Faza, kisiwani Pate. Akitumwa hospitali kubwa ya mji wa Lamu, itabidi abebwe hadi kwenye boti, apandishwe gatini, kisha apite vichochoro visivyopitika kwa gari. Wa Ganze au Kinango hana bahari ya kuvuka, ila usafiri wake ni bodaboda, nayo haibebi kiti cha magurudumu. Atakodi gari zima na kwenda na mtu wa kumsaidia, ambaye siku hiyo naye hatafanya kazi. Mchango wa chini wa SHA ni shilingi 300 kwa mwezi. Nauli ya siku moja huupita mara kadhaa.

Kiziwi naye akifika hukuta mlango mwingine umefungwa. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kutumia lugha ya ishara, lakini mbele ya daktari mkalimani wake mara nyingi ni mtoto wake. Mama mjamzito anayeeleza maradhi yake kupitia mtoto hana siri tena.

Linaloniuma zaidi ni usajili. Ili mtu atambuliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, sharti kwanza apimwe na madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa. Yaani asiyeweza kutembea asafiri ili athibitishe kwamba hawezi kutembea! Anayeshindwa na safari hiyo hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatengewi bajeti.

Sheria hazikosekani. Tuna Katiba ya 2010, na mwaka 2025 tumepata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu. Afya nayo iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hivyo si kila lawama ipelekwe Nairobi. Kaunti zetu zinaweza kuanza na mambo matatu. Kwanza, madaktari wanaopima ulemavu wazifuate zahanati za mashinani kwa ratiba inayojulikana. Pili, kila hospitali ya kaunti iajiri mkalimani wa lugha ya ishara. Tatu, wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wanazunguka nyumba kwa nyumba, waandike mwenye ulemavu anaishi wapi na anahitaji nini.

Tutaambiwa pesa hakuna. Lakini chanjo hupelekwa vijijini, kwa sababu iliamuliwa kwamba mtoto asisubiriwe hospitalini. Uamuzi kama huo unawezekana hapa pia.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vikao vya maoni ya bajeti vikija wadi yako, ndugu msomaji, uliza kama mahali palipochaguliwa panafikika, kisha hakikisha jirani yako mwenye ulemavu amefika na amepewa nafasi ya kusema.