Jumba Lipimwe kwa Kazi Yake

Siku hizi hapana mji mkubwa katika Afrika Mashariki usioinua majumba marefu ya maofisi na maduka, na mengi hutangazwa kuwa hayaharibu mazingira. Sisi twayafurahia maendeleo hayo. Lakini twauliza: sifa hizo zimepimwa lini, na kwa kipimo gani?

Uingereza ilianza mpango wa BREEAM mwaka 1990, na Marekani ikafuata kwa mpango wa LEED. Vyeti hivyo vina faida. Walakini vingi hutolewa kwa kutazama ramani na hesabu za wahandisi, kabla jumba halijafanya kazi hata mwaka mmoja. Ramani haisahau kuzima taa wala mtambo wa kupoza hewa. Wanaosahau ni watu.

Australia imeshika njia nyingine. Kwa mpango wa NABERS, jumba la maofisi hupewa nyota zisizozidi sita kwa kusoma mita zake za miezi 12. Na tangu Julai 2017, mwenye maofisi ya mita za mraba 1,000 au zaidi, atakapo kuuza au kupangisha, kwa kawaida hulazimika kuzitangaza nyota hizo.

Harare nako lipo jumba la Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alijifunza kwa kichuguu cha mchwa: hewa ya usiku hulipoza zege, na mchana zege hilo huvipoza vyumba. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini Harare ipo juu sana kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una baridi. Dar es Salaam na Mombasa usiku ni joto na unyevu. Atakayeinakili ramani ile pwani hataipata faida ile ile. Ndiyo sababu twasema kila jumba lipimwe hapo lilipo.

Wazee walinena: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Umeme unaopotezwa bure na jumba moja ungeweza kuendesha kiwanda au kuwasha taa za zahanati, na gharama yake humwangukia mpangaji, kisha mnunuzi. Kwa hiyo yazipasa mamlaka za miji zidai kila mwaka hesabu ya umeme na maji kwa kila mita ya mraba, nayo ibandikwe mlangoni, kila mwananchi aisome. Hapo ndipo tutakapojua jumba lipi limestahili sifa, na lipi limevishwa jina tu.